Feni ya Maji Inataka Dirisha Wazi

Chukua feni mbili za maji, za aina moja na bei moja, kutoka duka moja la Kariakoo. Moja ipakie kwenye basi la Dodoma, nyingine ipeleke Mbagala. Oktoba ikifika, mwenye ile ya Dodoma atakuwa anaisifia kwa majirani. Ile ya Mbagala itakuwa imesukumwa pembeni, imewekewa redio juu, na mwenyewe ana hakika ameuziwa feki. Hakuuziwa feki. Ameuziwa mashine nzima inayofanya kazi kwa kutumia ukavu wa hewa, akaipeleka mahali ambako ukavu huo haupo.

Mkanganyiko unaanzia dukani. Muuzaji anaiita AC ya kuhamishika. Anamimina maji ya barafu kwenye tangi, anakusimamisha mbele yake, upepo wa baridi unakupiga usoni, unatoa hela. "Hii ni AC kabisa, bosi, halafu haili umeme." Nusu ya maneno hayo ni kweli: haili umeme. Lakini AC siyo, wala si binamu yake. AC inachukua hewa ya chumbani, inaitoa joto na unyevu, inairudisha humo humo. Feni ya maji inachukua hewa ya nje, inaipoza kwa kuiongezea unyevu, inaipitisha chumbani mara moja tu, na baada ya hapo hewa hiyo lazima itoke. Ukiishika vizuri tofauti hii, mengi ya yanayofuata hapa utayakisia mwenyewe kabla sijayasema.

Aliyekunywa maji ya mtungi ameshaionja kazi yenyewe. Maji yanapenya taratibu kwenye udongo, yanafika upande wa nje, yanageuka mvuke, na katika kugeuka huko yanachukua joto la mtungi na la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni hautoi maji ya baridi: vitundu vimezibwa, maji hayatoki nje, hakuna kinachopozwa. Ndani ya feni ya maji mambo ni hayo hayo, ila yameongezewa kasi. Pampu ndogo inapandisha maji kutoka kwenye tangi, yanachuruzika juu ya pedi za karatasi ngumu zenye matundu matundu, na feni inavuta hewa ipite katikati ya matundu hayo yaliyolowa.

Nguvu iliyomo kwenye mvuke watu wengi hawaidhanii. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba joto linalolingana na karibu theluthi mbili za uniti moja ya umeme. Mashine ya sebuleni, kwenye hewa kavu, inaweza kukausha lita tatu kwa saa. Kwa hiyo ndani ya saa sita za mchana inakuwa imemaliza karibu ndoo moja ya lita 20, na imeondoa kwenye hewa joto la uniti kama 12, huku yenyewe, kama ni ya Wati 100, ikiwa imekula uniti 0.6 tu kutoka kwenye LUKU yako. AC ndogo kabisa ya ukutani kwa saa hizo hizo ingekula uniti tatu hadi tano. Kazi inafanywa na maji. Umeme unazungusha pangaboi na kusukuma maji tu.

Sasa kikomo chake. Hewa inapopita kwenye pedi haiwezi kupoa bila mwisho. Inapoa hadi pale inaposhiba unyevu, na hapo maji hayawezi tena kugeuka mvuke. Kiwango hicho cha mwisho unaweza kukipima mwenyewe kwa kipimajoto cha kawaida cha ukutani, kile chenye kioo na kimiminika ndani. Soma joto la kivulini. Kisha funga kitambaa chepesi cha pamba kwenye kile kidude cha chini chenye kimiminika, kilowanishe kwa maji yaliyokaa chumbani, na kipepee au kiweke mbele ya feni kwa dakika kadhaa hadi namba iache kushuka. Soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mali uliyonayo. Mashine nzuri yenye pedi nene itakupatia asilimia 70 hadi 80 ya tofauti hiyo. Hizi za kawaida zenye pedi nyembamba, chukua nusu au zaidi kidogo. Tofauti ikizidi nyuzi 9, nunua bila wasiwasi. Ikiwa chini ya nyuzi 5, hiyo hela itafutie kazi nyingine.

Tuweke namba za kweli. Mchana wa joto nyuzi 32 wenye unyevu wa asilimia 35, hali ambayo Dodoma ya mwisho wa kiangazi inaifahamu, kitambaa kilicholowa kitashuka hadi nyuzi 21. Tofauti ni 11. Mashine ya wastani itakutolea upepo wa nyuzi 25 au 26, na upepo huo ukikupitia mwilini utasema ni baridi. Hamisha joto hilo hilo la nyuzi 32 liende Dar es Salaam mwezi Februari, unyevu uwe asilimia 75. Kitambaa kitagoma kwenye nyuzi 28. Mashine ile ile itakupa hewa ya nyuzi 29 na nusu hivi, lakini hewa hiyo itakuwa imeshiba maji kufikia karibu asilimia 90. Jasho lako, ambalo nalo linategemea kukauka ili likupoze, halitakauka. Utakuwa umelipa ili ujisikie vibaya zaidi.

Asiye na kipimajoto aangalie unyevu kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, ila asome namba ya saa nane au saa tisa mchana. Asubuhi karibu kila mahali unyevu uko juu, na usiku vilevile. Namba ya saa moja asubuhi inaweza kumfanya mtu wa Singida aachane na mashine ambayo ingemfaa. Na asiye na simu ya namna hiyo aangalie kamba ya nguo. Suruali ya jinzi iliyofuliwa asubuhi na kuanikwa kivulini, ikiwa imekauka hadi kiunoni kabla ya alasiri, hewa yako ni kavu ya kutosha.

Kwa kipimo hicho ramani inajichora yenyewe. Dodoma, Singida, Shinyanga na Tabora wakati wa kiangazi, Lodwar na sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kenya, hayo ni makao ya mashine hii. Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, Mombasa, Lamu na Unguja siyo. Ukanda wa pwani una kichekesho chake: miezi ambayo hewa inapungua unyevu kidogo, Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ambayo watu wanalala wamejifunika shuka. Mashine inapoweza kusaidia hakuna anayeihitaji. Inapohitajika haiwezi kusaidia. Kwa mtu wa pwani ushauri wangu ni mfupi. Nunua feni ya kawaida iliyo kubwa na imara, jua dirisha lipi linapokea kaskazi na lipi linapokea kusi, na usiweke kabati mbele ya lolote kati ya hayo. Kama umeshainunua feni ya maji, itumie bila maji. Bado ni feni.

Kwa wa bara, tuje kwenye dirisha, maana hapa ndipo mashine nyingi nzuri zinapoharibiwa sifa.

Mtu aliyezoea AC za ofisini akifika nyumbani anafunga kila kitu: milango, madirisha, hata anaweka kitambaa chini ya mlango baridi isitoroke. Dakika ishirini za kwanza anafurahi. Kisha chumba kinaanza kuwa kizito, shuka zinakuwa na ubaridi wa kulowa, karatasi mezani zinalegea, na joto linarudi. Kilichotokea ni rahisi. Mashine imekuwa ikivuta hewa ile ile iliyokwisha kuilowesha, na kila mzunguko hewa inabaki na ukavu mdogo zaidi wa kutumia. Baada ya muda Dodoma yake imegeuka Tanga, na ameijenga kwa mikono yake.

Njia sahihi ni kuiweka mashine na mgongo wake kwenye dirisha au mlango unaoleta hewa ya nje, ikiwezekana upande wenye kivuli, na kuacha tundu la kutokea upande wa pili wa chumba. Wewe unakaa katikati. Hewa kavu inaingia, inalowa, inapoa, inakupitia, inatoka na joto lako. Dirisha la kutokea halihitaji kufunguliwa lote. Mara nyingi nusu yake, au hata robo, inatosha. Namna ya kupima ni pazia. Simama karibu na dirisha la kutokea huku mashine ikiwa kwenye kasi unayoitumia. Pazia likivutwa taratibu kuelekea nje, umepatia. Likisukumwa ndani, tundu ni kubwa mno na hewa ya moto ya nje inaingilia hapo. Likining'inia tu bila kutikisika, hewa haitoki, ongeza uwazi.

Hapo utagundua uhuru ambao AC haikupi: unachagua hewa ya baridi iende wapi. Ukifungua dirisha la chumba cha watoto na kufunga la sebuleni, hewa ya baridi itapita sebuleni, itapita koridoni, itatokea chumbani kwa watoto. Ila milango yote ya katikati iwe wazi, na usitegemee mashine moja kuhudumia vyumba vitatu. Chumba cha mita nne kwa nne chenye dari ya kawaida kina hewa ya mita za ujazo kama 45, na ili kujisikia baridi ya kweli hewa hiyo inatakiwa ibadilishwe mara 20 hadi 30 kwa saa. Hiyo ni mita za ujazo 900 hadi 1,350 kila saa, kwa chumba kimoja. Namba hiyo ya mtiririko huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye boksi. Isome kabla ya kulipa. Vile vidude vidogo vya kuweka mezani vinavyochomekwa kwenye chaja ya simu vinapoza pua ya mtu mmoja, tena akisogea karibu.

Nyumba zetu za siku hizi zina tatizo dogo hapa. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza hayafunguki zaidi ya nusu, na wavu wa mbu unakamata vumbi. Kwa Dodoma, wavu usiofutwa kwa miezi miwili unaweza kuwa ukuta. Usiuondoe, uoshe. Brashi laini na maji ya sabuni, tangu juu hadi chini, kisha uone tofauti kwenye pazia.

Barafu sasa. Najua nitawaudhi wengi, kwa sababu karibu kila boksi huja na chupa mbili za bluu za kugandisha, na kuna watu wanaagiza barafu ya mia tano kila jioni. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua joto, ndiyo, lakini lita moja ya maji ya kawaida ikigeuka mvuke inachukua joto zaidi ya mara saba ya hilo. Na maji ya baridi sana hugeuka mvuke kwa uvivu kuliko ya vuguvugu. Kwa hiyo barafu inakupa robo saa ya raha usoni na kuichelewesha mashine kwenye kazi yake halisi. Kibaya zaidi ni kugandisha chupa kwenye friji iliyo sebuleni hapo hapo: friji inatoa joto hilo nyuma yake, ndani ya nyumba yako, pamoja na joto la umeme ilioutumia. Unahamisha joto kutoka kona moja ya chumba hadi nyingine, na LUKU inakatwa. Hizo chupa za bluu zibebe chakula cha safari.

Muda wa kuiwasha nao una maana. Tofauti ile ya vipimo viwili huwa kubwa kuanzia saa sita mchana hadi magharibi, na mashine inang'ara katika saa hizo. Usiku Dodoma hupoa yenyewe. Fungua madirisha, zima pampu, acha feni peke yake ivute hewa ya nje ndani. Kuna wanaoikesha na maji usiku kucha halafu asubuhi wanaamka na mafua na godoro lenye unyevu, wakaisema mashine.

Unapoiwasha mchana, anza na pampu peke yake kwa dakika kumi hivi, pedi zilowe hadi chini, ndipo uwashe feni. Ukianza na vyote pamoja hewa itapita kwenye pedi kavu na kukuletea vumbi la jana. Kuzima ni kinyume chake: zima pampu kwanza, acha feni iendelee nusu saa hadi pedi zikauke. Harufu ile ya kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo, ambayo watu huamini ni ya mashine zote za aina hii, inatokana na pedi kulala zikiwa zimelowa.

Na kuhusu maji yenyewe, wa Dodoma nisikilizeni kwa makini zaidi. Maji mengi ya mji huu yanatoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na kila aliyewahi kuchemshia chai hapa anajua ukoko mweupe unaobaki kwenye birika. Maji yanapogeuka mvuke chumvi haiondoki nayo. Ukijaza tangi lita 20 na lita 15 zikaondoka, zile tano zilizobaki zimebeba chumvi yote ya 20, yaani zina chumvi mara nne. Ukiongezea juu yake kesho, na keshokutwa, baada ya wiki unazungusha magadi. Pedi zinakakamaa, matundu yanaziba, pampu inakwama, na unga mweupe unatua kwenye skrini ya televisheni. Kwa hiyo usijazie tu. Kila siku, au angalau kila siku ya pili, fungua kizibo cha chini, mwaga yaliyobaki, ndipo uweke mapya. Najua mgao wa maji upo na lita tano si za kuchezea. Zitumie kusukumia choo au kudekia veranda, lakini usimwagilie mchicha. Aliyevuna maji ya mvua na bado anayo kwenye simtangi afahamu kwamba hayo ndiyo bora kuliko yote kwa mashine hii, maana hayana ukoko.

Ukoko ukishaingia, dawa yake ni siki nyeupe. Changanya na maji nusu kwa nusu, izungushe kwa pampu kwa nusu saa bila feni, mwaga, suuza mara mbili. Kuua ukungu watu hutumia jiki kidogo kwenye maji mengi, na ni sawa, lakini kamwe usichanganye siki na jiki, wala usitumie kimoja juu ya kingine kabla ya kusuuza. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na hapo una feni inayoipuliza chumbani.

Tangi lina adui mwingine. India, ambako mashine hizi zimejaa majumbani, wakaguzi wa afya wa Delhi hupita nyumba kwa nyumba msimu wa mbu kuzichungulia, kwa sababu maji safi yaliyotulia kivulini ndiyo anayoyapenda Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengue. Dengue si hadithi ya mbali. Dar es Salaam ilishikwa na mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi kwenye joto letu. Kumwaga maji kila wiki kunakata mzunguko huo, lakini kumwaga peke yake hakutoshi. Mbu huyu hugundisha mayai yake ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanavumilia ukavu kwa miezi yakisubiri kujazwa tena. Sugua kuta za ndani za tangi kwa brashi, hasa ule mstari ambapo maji huishia. Ni kazi fupi ya Jumamosi.

Usalama wa umeme nautaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu anaujua na wachache wanaufuata. Chomoa plagi kabla ya kujaza maji, si kuzima swichi ya mashine tu. Waya wa nyongeza usilale sakafuni chini ya tangi. Pampu isizunguke bila maji, inaungua. Na kwa wale ambao umeme unakatika mara kwa mara: mashine ya Wati 80 au 100 inabebwa na inveta ndogo na betri ya sola ya wastani bila kelele, jambo ambalo hakuna AC ya kawaida itakayokubali.

Wapo watakaofanya yote haya na bado walalamike, na mara nyingi lawama ni ya paa. Nyumba ya bati isiyo na dari inakumwagia joto kichwani moja kwa moja, kama mwale, bila kupitia kwenye hewa. Hewa inayokuzunguka inaweza kuwa nyuzi 26 na bado utosi ukawaka. Feni ya maji inapoza hewa. Bati haiwezi kulifikia. Hela ya kwanza iende kwenye silingibodi, au kwenye rangi nyeupe ya bati, au kwenye kivuli cha dirisha la magharibi, ambalo kuanzia saa tisa ndilo jiko la nyumba. Mwarobaini uliopandwa upande huo unafanya kazi ya mashine mbili, ingawa itabidi uusubiri miaka michache.

Kitandani kuna suala la chandarua. Kinakata kasi ya upepo sana, na watu wanajaribiwa kukikunja ili wapate baridi. Usikikunje. Isogeze mashine karibu, mita moja na nusu hivi, kwenye usawa wa godoro, ielekezwe miguuni badala ya usoni. Kwa mtoto mchanga ielekeze ukutani, upepo umfikie baada ya kugonga. Mwenye pumu aangalie zaidi usafi wa pedi kuliko kitu kingine chochote, na akiona unyevu wa chumba unapanda aongeze uwazi wa dirisha. Hati za kiwanja, vyeti na picha za zamani zisikae chumba kinachopozwa kwa maji kila siku.

Kwa anayeenda kununua sasa, geuza mashine uitazame mgongoni kabla ya kutazama taa zake za mbele. Unataka pedi pana na nene, zinazotoka kwa urahisi ili zioshwe, ikiwezekana pande tatu na si nyuma tu. Unataka kizibo cha kumwagia maji kilicho chini kabisa, maana kuna matangi yanayobakiza lita mbili zisizotoka hadi uilaze mashine. Unataka uhakika kwamba pampu yake inauzwa peke yake. Rimoti, harufu ya maua, taa za buluu na maneno kuhusu ioni ni mapambo yanayopandisha bei. Mwombe muuzaji aiwashe bila barafu, kwa maji ya bomba, na ukae mbele yake robo saa, mbali kidogo.

Mvua zikianza, kwa Dodoma ni kawaida kuwa Desemba, unyevu unapanda na joto linapungua, na mashine inastahili kupumzika. Mwaga maji yote, sugua tangi, kausha pedi juani mpaka ziwe kavu kabisa, rudisha, funika kwa shuka la zamani badala ya nailoni ili isije ikavunda. Iweke juu ya kitu, kwa sababu panya wanazipenda pedi za karatasi kwa kutengenezea viota. Ukiitoa tena Septemba, pedi zilizokakamaa kwa chumvi zibadilishe. Kwa maji ya kisima hudumu msimu mmoja au miwili. Pampu ijaribu kwanza kwenye ndoo ya maji. Ikinguruma bila kusukuma, chomoa umeme, fungua kifuniko chake kidogo, loweka kwenye siki, kisha zungusha pangaboi lake dogo kwa kidole. Mara nyingi huachia. Ikigoma hata baada ya hapo, nunua pampu mpya, usinunue mashine nyingine.